Jioni Tuliyoisoma Injili ya Marko kwa Mkupuo Mmoja

Mwalimu wetu wa Biblia hakupenda maelezo marefu yatangulie andiko lenyewe, na ndiyo maana jioni ile, tulipokutana kuanza masomo ya Injili ya Marko, alituagiza tufunge daftari na kuisoma Injili nzima kwa sauti, kwa kupokezana, bila kusimama kuuliza. Alitupa mambo machache tu ya kushika: kwamba Papias, askofu wa Hierapoli, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na mwanahistoria Eusebio, alimtaja Marko kuwa mkalimani wa Petro, kwamba wataalamu wengi huiweka Injili hii karibu na mwaka 70, Warumi walipoliteketeza hekalu la Yerusalemu, na kwamba mapokeo ya kanisa huihusisha na Roma, mji ambamo Kaisari Nero aliwatesa Wakristo baada ya moto mkubwa wa mwaka 64. "Someni mkijua kwamba walioisikia kwanza huenda walikuwa wamewazika ndugu zao," alisema, kisha akanyamaza.

Usomaji haukuchukua hata muda wa saa mbili. Kilichonishangaza kwanza ni kasi yake. Hakuna habari za kuzaliwa, hakuna mamajusi. Yesu anatokea akiwa mtu mzima, anabatizwa, anajaribiwa, na kabla sura ya kwanza haijaisha amekwisha kuwaita wanafunzi, kutoa pepo mchafu, kumponya mkwewe Petro na kumtakasa mwenye ukoma. Katika sura ya 7 mwandishi anasimama kueleza desturi ya Wayahudi ya kunawa mikono, na katika sura ya 12 anaifafanua thamani ya senti mbili za mjane kwa sarafu ya Kirumi. Wayahudi wa Palestina wasingehitaji kuelezwa hayo, na kwa mara ya kwanza niliwahisi wale wasikilizaji wa mataifa wakiwa wamekaa mbele ya msomaji wao kama sisi tulivyokaa.

Sura ya 8 iliniangukia mimi. Nilisoma habari za kipofu wa Bethsaida, ambaye baada ya kuguswa mara ya kwanza aliona watu kama miti inayotembea, hata Yesu akamwekea mikono tena ndipo akaona sawasawa. Mara baada ya hapo, njiani kwenda vijiji vya Kaisaria Filipi, Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, na muda si muda anamkemea kwa kusema habari za mateso yake. Sauti yangu ilitaka kukatika. Petro alikuwa ameona, lakini ameona nusu. Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya muujiza ule na mengine mengi juu ya ukiri wa Petro, kila moja kwa siku yake, na sikuwahi kuyasikia yakifuatana hivyo.

Nikawasikiliza wenzangu kwa makini zaidi. Mara tatu Yesu anatabiri kuteswa kwake, na kila mara wanafunzi wanashindwa kumwelewa: baada ya utabiri wa pili wanabishana nani aliye mkubwa, baada ya wa tatu Yakobo na Yohana wanaomba kuketi kuume na kushoto kwake katika utukufu. Kisha, mwishoni mwa sura ya 10, anakuja Bartimayo wa Yeriko, naye anapata kuona na kumfuata Yesu njiani, katika njia ileile iendayo Yerusalemu. Safari yote ya kuwafundisha wanafunzi maana ya msalaba imewekwa kati ya vipofu wawili! Hadi leo naamini kwamba huo ndio moyo wa kitabu hiki, na kwamba anayetaka kumwelewa Marko aanzie hapo kabla ya kuorodhesha miujiza. Hata ukiri wa akida wa Kirumi katika sura ya 15 hupata uzito wake hapo, kwa kuwa yeye anamtambua Mwana wa Mungu akimtazama anavyokata roho, mahali ambapo Petro hakutaka Yesu afike.

Msomaji wa mwisho aliambiwa aishie sura ya 16 mstari wa 8, ambapo nakala mbili mashuhuri za karne ya 4, ya Sinai na ya Vatikani, huikomesha Injili hii: wanawake wanakimbia kutoka kaburini, wala hawamwambii mtu neno, maana waliogopa.

"Mwalimu, kama wangenyamaza moja kwa moja, sisi tungesoma nini?" aliuliza mama mmoja.

"Ni kweli, mama," alijibu. "Sasa turudini mstari wa 7. Malaika anasema wakaambiwe akina nani?"

Tukausoma tena, polepole: wanafunzi wake, na Petro. Mathayo hana jina hilo katika agizo la malaika, Marko analo. Tulibaki tukilizungumza jina hilo, la mtu aliyemkana Bwana wake mara tatu, na jinsi lilivyopaswa kusikika kwa Wakristo waliokuwa na ndugu waliokana imani yao kwa kuhofia kuuawa.