Kitabu cha Katuni Kilichokatika Katikati ya Ugomvi

Wiki iliyopita mpwa wangu wa Mikindani, Mtwara, alinirudishia kitabu cha katuni cha Kimarekani nilichomwazima, akaniuliza, "Mjomba, mbona kimekatika katikati ya ugomvi?" Nilimjibu kwamba mwandishi hakuishiwa maneno, bali mchapishaji alifikia ukomo wa karatasi. Jibu hilo halikumridhisha, ndiyo maana naandika hili refu zaidi.

Karatasi inayoingia katika mashine ya kuchapia vitabu ni pana. Huchapwa pande zote mbili kisha hukunjwa, na kila karatasi iliyokunjwa, yaani mkunjo mmoja, kwa kawaida hutoa kurasa 16 au 32. Jarida la katuni la kila mwezi la Marekani siku hizi aghalabu huwa na kurasa 20 za hadithi, kwa hiyo majarida sita yakikusanywa kuwa kitabu kimoja huleta kurasa 120, na ukiongeza kava zake sita pamoja na kurasa mbili za jina la kitabu na hakimiliki, unafika 128, yaani mikunjo minane ya kurasa 16 bila ukurasa kupotea. Hadithi ikizidi kwa kurasa mbili tu, inabidi karatasi nyingine iingie mashineni, na nafasi inayobaki hujazwa michoro ya awali ya msanii. (Kwa miaka mingi niliipokea michoro hiyo kama zawadi.)

Ufaransa na Ubelgiji walizoea albamu za katuni za jalada gumu zenye kurasa 48, ambazo ni mikunjo mitatu. Hadithi za Tintin, yule mwandishi wa habari kijana wa katuni za Ubelgiji, nazo zilipangiwa kurasa 62 za rangi mwaka 1942, vita ilipokuwa imeadimisha karatasi. Ongeza mbili, unapata 64, yaani mikunjo minne.

Bei ina hesabu yake. Gharama za kuandaa kurasa na kutega mashine hulipwa mara moja, ziwe nakala elfu moja au elfu hamsini, hivyo kitabu kinachotarajiwa kuuzika sana huweza kushushwa bei, na kile cha wasomaji wachache hupanda hata kikiwa chembamba. Katika bei iliyoandikwa nyuma ya kitabu, karibu nusu au zaidi huenda kwa msambazaji na mwenye duka, kabla mchapaji na wasanii hawajafikiwa. Wajapani huuza kitabu cha kurasa karibu 200 kwa bei nafuu kwa sababu ndani yake ni rangi nyeusi tu, na sura zake zimekwisha kutoka kwanza katika jarida.

Mchapishaji pia hutega chambo. Juzuu la kwanza la Saga, mfululizo wa katuni wa Kimarekani, lilitoka mwaka 2012 kwa dola 9.99, na la pili likauzwa dola 14.99, kwa kuwa aliyekwisha kunasa haulizi bei sana. DC, kampuni nyingine ya Marekani inayochapisha katuni za Batman, ilitumia bei hiyo ya dola 9.99 mwaka 2024, safari hii kwa vitabu vya umbo dogo vinavyobeba hadithi zake maarufu za zamani. Kwa upande wa pili yapo majuzuu ya kurasa elfu moja, ambayo hupewa jalada gumu na kushonwa kwa uzi, maana mgongo mnene wa gundi hupasuka upesi, na bei yake huvuka dola 100.

Linalonikera ni kwamba waandishi wengi sasa hurefusha kisa cha majarida manne kiwe cha majarida sita ili kitoshe kitabu. Afadhali ninunue kitabu chembamba kilichomaliza ugomvi wake.

Juzuu la pili la kitabu kile nilichomwazima mpwa wangu ni dola 14.99 huko kwao, na likifika Mtwara litakuwa limebeba pia nauli ya basi kutoka Dar es Salaam. Nilipomgeuzia hesabu hiyo kwa shilingi, alinyamaza kidogo, kisha akasema atasubiri msimu wa korosho.