Tembo Aliyesubiri Lugha Yake

Leo siku ya tatu namfikiria tembo mmoja. Anaitwa Rosie, naye yumo ndani ya Water for Elephants, riwaya ya Sara Gruen iliyotoka mwaka 2006. Dada aliipata kwenye vitabu vya mitumba Dar es Salaam, akanitumia kwa basi pamoja na dawa za mama. Kwa Kiingereza changu cha kufungua kamusi nilijua itanichukua mwezi. Nimeimaliza kwa siku nne.

Kisa ni cha Marekani ya mwaka 1931, miaka ya ukata mkubwa. Kijana Jacob anasomea udaktari wa mifugo. Anafiwa na wazazi wote wawili kwa ajali ya gari, anatoka kwenye mtihani wa mwisho karatasi ikiwa tupu, anadandia treni gizani. Kumbe ni treni ya sarakasi! Mabehewani mna mji mzima: farasi, simba, wapishi, wachekeshaji, wafunga mahema. Na kila mtu na daraja lake. Wasanii na vibarua hawali meza moja. Mwenye mali akiishiwa, kibarua halipwi, na wengine husukumwa nje usiku treni ikiwa inakwenda. Hapo nilifunga kitabu, nikatoka uani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ila mji huu ulijua safari kabla ya reli. Bibi alitusimulia misafara ya wapagazi kwenda pwani, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele, wabeba pembe nyuma yake, na wake na watoto wakifuata. Ule nao ulikuwa mji unaotembea. Tembo alipita hapa akiwa pembe tu, mabegani mwa watu. Labda ndiyo maana nilimpenda mno huyu mzima, anayeng'oa kigingi cha mnyororo wake, anakwenda kunywa juisi ya malimau ya watu, kisha anarudi kukichomeka palepale na kusimama kimya.

Mapenzi ya Jacob na Marlena, msanii wa farasi wa sarakasi ile, hayakunishika sana. Rosie ndiye aliyenishika. Haambiliki, wanasema ni mjinga, na August, mkuu wa wanyama, anampiga kwa fimbo yenye ndoano mpaka anavuja damu. Halafu Jacob, aliyelelewa kwa Kipolandi, anagundua kwamba Rosie anaelewa Kipolandi. Akiambiwa kwa lugha hiyo anafanya kila kitu. Muda wote ule alikuwa anapigwa kwa kutoelewa Kiingereza.

Mimi niliingia darasa la kwanza na Kinyamwezi kitupu. Nikiulizwa kwa Kiswahili nilinyamaza, kunyamaza kukaitwa ujinga, na ujinga dawa yake ilikuwa fimbo. Ikawa hivyo hadi alipokuja mwalimu mwingine, mama wa makamo. Aliinama kwenye dawati langu akanisalimu taratibu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka." Siku ile nilijibu yote aliyoniuliza, na mengine ambayo hakuniuliza. Nilikuwa sijamkumbuka kwa miaka mingi. Rosie ndiye amenirudishia.

Sasa namsimulia mama riwaya hii kwa Kinyamwezi, kipande kila jioni, maana yeye Kiingereza hasomi. Jana tuliishia kwenye juisi ya malimau. Alicheka mpaka akashika ubavu, akaniuliza kama wale watu hawakuona nyayo. Leo, akishakunywa dawa, tunafika kwenye Kipolandi.