Siku mzee alipozivunja shakeli zangu

Hii ni masika ya 2013, niko Tanga, nina kasuzuki Samurai kachakavu nilikokanunua kwa hela ya kudunduliza, na kichwani nina kitu kimoja tu, kuiinua hiyo gari ili niweze kupanda nayo Amani, kule milimani Usambara, bila kukwaruza tumbo kwenye mawe. Anayeijua ile njia kutoka Muheza mvua ikiwa imenyesha anajua naongelea nini.

Samurai ina springi zile za mabapa yaliyopangana, na ncha moja ya springi imeshikwa kwenye chesisi na shakeli, yaani vile vibao viwili vya chuma vinavyochezacheza springi ikifanya kazi. Ukiweka shakeli ndefu gari inapanda. Rahisi kabisa, nikajiambia, hizi natengeneza mwenyewe. Kuchomelea nilikuwa nimeshajua kidogo, mageti mawili na kitanda kimoja cha jirani, basi nikajiona fundi.

Sasa sikia ujinga wangu. Nikawaza, chuma kigumu kuliko vyote kwenye gari si springi? Nikatafuta bapa la springi kuukuu la lori kwenye skrepa, nikakata vibao, drili biti mbili zikavunjika na mimi nafurahi kabisa, naona hiyo dalili nzuri chuma kigumu hiki. Nikaweka kipande cha katikati ikawa kama herufi H, nikachomelea. Mshono ukatoka magamba ya samaki, mzuri hadi nikaupiga picha.

Nikaenda nazo mtaa wa Gofu kwa mzee mmoja niliyekuwa nashinda kwake kuazima grenda. Yule mzee ujana wake wote ameumalizia kwenye mashamba ya mkonge, anachomelea mitambo ya korona, ile ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, kwa hiyo chuma kinachotikiswa kutwa nzima anakijua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akazipokea, akazigeuza, hakusema kitu. Akabana moja kwenye vaisi akachukua nyundo kubwa.

"Mzee wangu, hizo nimezimaliza jana!"

"Basi leo tuone."

Pigo la kwanza hamna. La pili, pwa! Kimetoka kipande, na mshono wenyewe mzima, chuma ndio kimekatika pembeni yake, palipokatika panameta chengachenga kama chumvi ya mawe. Nilinuna jamani. Nilinuna kweli, siku mbili za kazi zile.

Mzee akakiweka kile kipande mkononi mwangu. "Mwanangu, hii springi kiwandani walishaipika ikapata ugumu wake. Wewe umeiunguza tena na rodi ya kuchomelea, hafu imepoa upesi, hapo pembeni imekuwa kigae. Ungekuwa unashuka Amani saa hizi je?" Hafu akacheka, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Kuanzia hapo wiki tatu sikugusa gari. Nilichomelea vipande vya chuma cha kawaida, vya skrepa, nikimaliza nabana kwenye vaisi navunja mwenyewe, mzee anachungulia. Vya mwanzo vilikuwa vinafunguka kama kitabu, ndani slagi nyeusi, yale makoko ya rodi, imelala au mshono umekaa juu tu haujaingia, kisa nilikuwa sisafishi rangi na kutu na ncha sizichongi mshazari. Ndio nikaelewa kwanini rodi zake nzuri, zile zenye namba 7018, anazitunza kwenye friji bovu lenye balbu inayowaka usiku na mchana, maana hewa ya Tanga wakati wa masika ni maji matupu na rodi hizo zikinywa unyevu chuma kinaweza kupata ufa baadaye, wewe umeshaondoka zako. Katikati hapo siku moja nikajifanya mjuaji nikawa nagusisha vishono vidogo bila kofia ya kuchomelea, nafumba tu macho. Usiku ule nilihisi mchanga wa baharini wote umehamia machoni mwangu, mama ananikandika slesi za kiazi huku ananisema.

Shakeli za kweli tulikata kwenye bapa la milimita 10, chuma laini, kinachopinda kabla hakijavunjika. Mimi nilitaka niongeze inchi 4. Mzee akakataa, ukiongeza inchi 4 gari inapanda 2 tu, na huku mbele steringi inaanza kutangatanga. Tukaongeza 2. Bolti zikawa mpya za 8.8, yaani daraja la bolti imara, sio zile za kuokoteza. Nne nilichomelea mimi, na tukatengeneza ya tano kwa ajili ya nyundo. Ile ya tano ikapinda, ikapinda tena, haikuachia.

Amani nilienda nikarudi, salama, na tope hadi kwenye kioo. Niliporudi mzee hakuuliza safari, aliingia chini ya gari na kitambaa, akapaka mafuta ya taa kwenye mishono, akafuta, akasugua chaki nyeupe juu yake, eti kama kuna ufa mafuta yatajitokeza yachore mstari. Tukakaa kwenye benchi tukaagiza kahawa na kashata, tunaisubiri chaki. Mimi moyo unadunda kuliko hata kule mlimani.

Chaki ikabaki nyeupe. Mzee akaikagua na tochi mara mbili, akanyanyuka, akafungua lile friji akaanza kuhesabu kwa sauti rodi zangu za wiki tatu, ngapi nadaiwa.