Mizani haijui nani anaisikiliza

Moshi, msimu wa kahawa

Kahawa ya maganda inateremka kutoka Kibosho, Machame na Marangu, na kabla gunia halijafika mjini kukobolewa limeshapita kwenye mizani ya chama cha msingi. Namba ikikosewa pale, imekosewa kwenye daftari, kwenye malipo ya awali na kwenye malipo ya pili baada ya mnada. Kwa hiyo anayemwandikia karani programu ya kupimia asianze na rangi za skrini. Aanze na hili: uzito ukitulia, nani aambiwe, na nani aambiwe kwanza?

Tuchukue C#, lugha ya programu ya Microsoft. Klasi (kiolezo cha kutengenezea objekti) ya `Mizani` inasoma uzito. Wanaoutaka uzito huo ni wengi: daftari la mkulima, printa ya risiti, namba kubwa kwenye skrini, ujumbe wa simu. Njia ya mkato ni kuiachia `Mizani` iwaite wote, mmoja baada ya mwingine. Inafanya kazi hadi chama cha jirani kikisema hakina printa, na hapo klasi ambayo kazi yake ni kusoma kilo inaanza kujaa `if` za printa.

Ndiyo sababu ya delegeti. Delegeti ni aina inayobeba methodi, yaani kipande cha msimbo chenye jina kinachoweza kuitwa: ndani yake kuna objekti na methodi ya kuitwa juu ya objekti hiyo, na kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inakagua kwamba vigezo vinalingana. Ipo kwenye C# tangu toleo la kwanza, 2002. Anders Hejlsberg, aliyeongoza usanifu wake, alitokea kwenye Delphi, zana nyingine ya kuandikia programu, ambako tukio kama `OnClick` hushika methodi moja tu. Delegeti ya C# hubeba orodha nzima ya methodi, yaani wasikilizaji, na huwaita kwa mpangilio ule ule walioingia.

Neno `event` (tukio) ni kufuli juu ya orodha hiyo. Ukiiacha delegeti wazi kama sehemu ya `public` (data ya klasi iliyo wazi kwa wote), yeyote anaweza kuandika `=` badala ya `+=` ya kujiandikisha na kuwafuta wenzake wote bila onyo. Baya zaidi, yeyote anaweza kuiita mwenyewe na kutangaza uzito ambao haukupimwa. Kwenye mizani ya kahawa hilo si suala la msimbo mchafu, ni kilo hewa. Ukiweka `event`, walio nje wanabaki na `+=` na `-=` ya kujitoa peke yake; kuita ni haki ya klasi yenyewe.

```
public class Mizani
{
    public event EventHandler<Kipimo> UzitoUmetulia;

    protected virtual void Tangaza(Kipimo k)
    {
        UzitoUmetulia?.Invoke(this, k);
    }
}
```

Alama `?.` ina kazi yake: orodha isiyo na mtu ni `null` (hakuna kitu), na kuita `null` ni kuangusha programu. Ilikuja na C# 6 mwaka 2015. Kabla yake watu walinakili delegeti kwenye kigeu cha ndani kwanza, kwa kuwa msikilizaji wa mwisho angeweza kujitoa katikati ya ukaguzi na wito. Kilo ndani ya `Kipimo`, objekti inayobeba matokeo, ziwe `decimal` (desimali kamili), wala si `double` (ya makadirio), na zisiwe na `set` (ruhusa ya kubadilisha) ya hadharani. Msikilizaji wa pili hapaswi kuona namba iliyochezewa na wa kwanza.

Mizani yenyewe, ikiwa imeunganishwa kwa kebo ya serial, inaingia kwenye programu kupitia tukio jingine, `DataReceived` la `SerialPort`. Wengi hudhani tukio moja ni kipimo kimoja kamili. Sivyo. Mfumo unakuita baiti zikiwepo, na mstari wa kilo 42.5 unaweza kufika vipande viwili: `4` sasa, `2.5` baadaye kidogo. Anayesoma papo hapo ataandika kilo nne. Kusanya baiti kwenye bafa (hifadhi ya muda), subiri alama ya mwisho wa mstari, ndipo uchambue. Baadhi ya mizani hutanguliza `ST` uzito ukitulia na `US` ukiwa bado unayumba; soma kitabu cha mizani uliyonayo, kisha utangaze kwenye `ST` tu, tena mara moja kwa kila gunia. Mizani hizo hurudia mstari ule ule mfululizo gunia likiwa juu yake. Usikubali kipimo kipya hadi uzito urudi karibu na sifuri.

Sasa sehemu inayonisumbua zaidi, kwa sababu vitabu vingi huipita haraka. Wasikilizaji huitwa kwa zamu, kwenye thredi (mkondo wa utekelezaji) ile ile ya anayetangaza. Wa pili akirusha hitilafu, wa tatu na wa nne hawaitwi kabisa. Tuseme ujumbe wa simu umejiandikisha kabla ya daftari, na mtandao umepotea kule juu mlimani. Ujumbe unashindwa, hitilafu inapanda, daftari halisikii kitu. Mkulima ameondoka na namba aliyoiona kwenye skrini, ila haipo popote.

Dawa inayotajwa kwanza ni kupita kwenye `GetInvocationList()` na kumwita kila mmoja ndani ya `try` (kizuizi cha kudaka hitilafu) yake. Ni dawa nzuri, nami ningeiweka. Lakini ugonjwa wenyewe upo kwingine: daftari halikupaswa kuwa msikilizaji. Tukio limetengenezwa kwa ajili ya wale ambao wakikosekana kazi bado ni halali. Printa ikikosa karatasi, kipimo bado ni kipimo. Daftari likikosekana, hakuna kilichopimwa. Basi lipelekwe kwenye `Mizani`, au bora kwenye klasi inayosimamia upokeaji, kupitia konstrakta (methodi inayoijenga objekti), liitwe moja kwa moja, na tangazo litoke baada ya hifadhidata kukubali. Umeme ukikatika kati ya hatua hizo mbili, utakosa risiti na kilo zitabaki. Ujumbe wa simu nao usitumwe ndani ya tukio. Safu yake iandikwe kwenye jedwali la foleni ndani ya muamala ule ule wa daftari (yote yaandikwe au lisiandikwe lolote), kisha kazi ya pembeni itume mtandao ukirudi.

Kosa la pili kwa madhara ni dirisha lisilojitoa. Karani anafungua fomu mpya kwa kila mkulima, na konstrakta ya fomu ina `mizani.UzitoUmetulia += Andika`. Fomu inafungwa, inapotea machoni, lakini mizani inaishi siku nzima na bado inaishika kupitia delegeti. Mfagiaji wa kumbukumbu hawezi kuigusa. Kumbukumbu kuvimba ni shida ndogo; shida kubwa ni kwamba fomu zilizokufa bado zinasikia, na gunia la mkulima wa tano linatoa risiti tano. Weka `-=` kwenye `FormClosed` au `Dispose`, na uwe makini na lambda (methodi isiyo na jina): kuandika `-=` na lambda nyingine yenye maneno yale yale hakuondoi kitu, maana hiyo ni delegeti tofauti, na C# haitalalamika. Tumia methodi yenye jina, au hifadhi lambda kwenye sehemu uitumie pande zote mbili. Tukio la `static` ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa halifi hadi programu izimwe.

Kuhusu skrini: `DataReceived` huja kwenye thredi ya pembeni, na vidhibiti (vitufe, visanduku) vya Windows Forms, zana ya kutengenezea madirisha, vinataka thredi iliyovitengeneza. Tumia `BeginInvoke` ya kidhibiti badala ya `Invoke` yake. `Invoke` husubiri, na karani akibonyeza kitufe cha kufunga, `Close` ya `SerialPort` inaweza kusubiri msikilizaji amalize huku msikilizaji akiisubiri skrini. Kila mmoja anamngoja mwenzake, programu inaganda.

Msikilizaji wa `async void` (methodi inayoweza kusubiri bila kuzuia wengine, isiyorudisha kitu) anaruhusiwa, ila ajitegemee. Akifika `await` (mahali pa kusubiri) ya kwanza, mtangazaji anaendelea na safari akidhani kazi imekwisha, na hitilafu inayotokea ndani yake, kabla au baada ya hapo, haidakwi na `try` iliyouzunguka wito. `try` yake iwe ndani mwake.

Usimwombe msikilizaji jibu kwa `return`. Delegeti yenye wasikilizaji wengi hurudisha jibu la wa mwisho tu, mengine hutupwa. Ukitaka mtu aweze kuzuia kipimo, mathalani unyevu umezidi, mpe objekti ya kigezo yenye methodi `Kataa(sababu)` inayoweza kukataa tu, isiyoweza kukubali upya. `Cancel` ya kawaida ni `bool` ya kuandikwa, na wa tatu anaweza kuibatilisha kauli ya wa kwanza.

Kabla ya kuipeleka programu chamani, ijaribu kwa kuiharibu. Chomoa printa katikati ya gunia. Zima modemu. Fungua na kufunga fomu mara kumi, kisha pima gunia moja na uhesabu risiti. Funga programu wakati mizani inatuma. Mwisho chomoa umeme wa kompyuta sekunde ile ile namba inapotulia, iwashe, na ufungue daftari: ama kilo zipo pamoja na safu ya ujumbe kwenye foleni, ama havipo vyote viwili. Ukikuta kimoja bila kingine, rudi kwenye muamala kabla hujagusa kitu kingine.