Kadi dhaifu kuliko zote katika Magic: kipimo kimekubali

Hatimaye kimekubali. Mradi huu ulikuwa umegoma mahali pamoja kwa muda mrefu mno, na sasa umesogea, kwa hiyo naandika kabla mawazo hayajapoa. Lengo ni lile lile: kuzipanga kadi mbovu za mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering kwa kipimo ambacho mtu anaweza kukitetea, si kwa kura ya ipi inachekwa zaidi.

Kilichonitesa ni sifuri, yaani mahali pa kuanzia kupimia.

Njia ya kwanza ni ile ambayo yeyote angeanza nayo. Chukua deki ya kadi 60 unayoijua vizuri, toa nakala nne za kadi ya kawaida, ingiza nne za mtuhumiwa, cheza, kisha linganisha na deki ile ile yenye kadi tupu nne. Kadi tupu ni karatasi nyeupe ndani ya kifuko: haina rangi, haina gharama, haifanyi lolote. Hapo ndipo kila kitu kinapogoma, kwa sababu hakuna anayekulazimisha kucheza kadi uliyoshika. One with Nothing inadai mana (nguvu ya kulipia kadi) moja nyeusi, kisha unatupa kadi zako zote za mkononi, basi. Mchezaji makini anaiacha mkononi mpaka mechi iishe. Great Wall vivyo hivyo. Sorrow's Path vivyo hivyo. Zote zinatoa matokeo ya karatasi nyeupe, na huwezi kusema ipi iko chini ya ipi.

Nikajaribu kulazimisha: kadi ikichezeka, lazima ichezwe. Matokeo yalitawanyika vizuri sana, Sorrow's Path ikaporomoka peke yake hadi chini kabisa. Lakini hapo hupimi kadi, unapima amri. Kwa amri hiyo hata Wrath of God, inayoua viumbe wote mezani, inageuka takataka, maana utalazimika kuicheza ukiwa na viumbe wengi mezani kuliko mpinzani. Nimeifuta jedwali zima.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisitegemee takwimu za 17Lands, tovuti inayokusanya matokeo ya mechi. Nazipenda sana kwa drafti (mechi ambazo wachezaji huchagua kadi papo hapo) za seti mpya, ila kwa kadi mbovu zina ugonjwa wake: kadi isiyochezwa na mtu haiachi nyayo, na wachache wanaoicheza wana sababu zao, mara nyingi ni kwamba wameishiwa kadi. Na watuhumiwa wangu wakubwa ni wa mwaka 1994.

Kwa upande wa zana, Scryfall kwangu haina mpinzani. Unaandika maneno ya kwenye kadi, inakuletea kila kadi yenye maneno hayo pamoja na ufafanuzi wa kanuni zake. Kuchezesha ni jambo jingine. Kompyuta ama inairusha kadi mbovu mara tu ikipata mana, ama haiigusi kamwe, na tabia zote mbili hazinifai. Watu wawili, meza, karatasi zilizoandikwa kwa kalamu na muda wa kutosha bado ni bora kuliko programu yoyote niliyoishika.

Sasa kilichokubali. Niliacha kupima kutoka sakafuni nikaanza kupima kutoka darini. Usiulize kadi inakuangusha kiasi gani; itafutie hali nzuri kuliko zote inayoweza kuwa nayo, kisha uone hali hiyo ina thamani gani. Tatizo likaibuka palepale: kila kadi ina dari. Kadi yoyote ya bluu inaweza kulipia Force of Will, inayokubali kadi ya bluu badala ya mana. Ardhi yoyote (kadi ambayo kwa kawaida hutoa mana) inaweza kuliwa na Zuran Orb ikakupa uhai wa pointi mbili. Kadi yoyote ya enchantment (uchawi unaobaki mezani) itakuvutishia kadi ukiwa na Enchantress's Presence mezani. Kwa mtindo huo hakuna kadi mbovu duniani.

Dawa ni sheria moja ya kutoa: kama kadi nyingine yoyote ya rangi ile au aina ile ingefanya kazi hiyo hiyo, sifa hiyo haihesabiwi. Sifa ya ukoo haiwi sifa ya mtoto. Kinachobaki baada ya kutoa ndicho cha kadi yenyewe.

Matokeo yamepindua orodha yangu yote.

Sorrow's Path, ya seti ya The Dark, ndiyo niliyoamini itashinda kwa mbali. Ni ardhi isiyotoa mana. Ukiilaza, yaani ukiigeuza ubavu kuonyesha imetumika, unawabadilisha nafasi wazuiaji wawili wa mpinzani, lakini kila inapolazwa inakuchoma pointi mbili wewe na kila kiumbe chako, wakiwemo hao washambuliaji uliokuwa unajaribu kuwasaidia. Haya, mpe mpinzani kwa Donate, kadi inayomhamishia kitu chako. Yeye hatailaza kamwe, ila wewe una Icy Manipulator, inayoweza kulaza kadi yake. Kila zamu yake, ardhi ikishasimama, unailaza: pointi mbili kwake na mbili kwa kila kiumbe chake, na upande wako hakuna kinachoguswa. Deki inayotegemea viumbe wadogo haipumui. Hakuna ardhi nyingine ya kawaida ingefanya hivyo, kwa hiyo sifa ni yake halali.

One with Nothing nayo imepanda. Ilitoka 2005 katika Saviors of Kamigawa, seti moja na Ebony Owl Netsuke (bundi), inayomchoma mpinzani pointi nne akianza zamu akiwa na kadi saba au zaidi mkononi. Mwaka 2006 deki ya Owling Mine ilikuwa ikiwajaza wapinzani kadi kwa Howling Mine kisha kuwaadhibu kwa wingi huo huo, na wapo walioweka One with Nothing kwenye kadi zao za akiba ili kuikabili. Mana moja, mkono mtupu, bundi amekosa chakula.

Unaona kinachojirudia? Kadi inayoumiza ina nguvu ndani yake, na nguvu inaweza kugeuzwa uelekeo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Lion's Eye Diamond, iliyotoka Mirage mwaka 1996 watu wakaiona haina maana: mana tatu, lakini mkono wote unatupwa, sasa utazitumia kwa kadi gani? Zilipokuja kadi kama Infernal Tutor, inayokutafutia kadi yoyote mkono ukiwa mtupu, kutupa mkono kukawa faida. Leo Vintage, mfumo wa mashindano unaokubali karibu kadi zote za zamani, inaruhusu nakala moja tu. Kwa sababu hiyo kila hukumu katika jedwali langu sasa ina tarehe pembeni.

Wood Elemental ya Legends imeshuka sana, na inastahili. Mana nne, kisha unatoa kafara Forest (ardhi za kijani) ambazo hazijalazwa, na ukubwa wake ni idadi hiyo. Piga hesabu ya kupata 3/3 (nguvu tatu, ustahimilivu tatu): Forest nne za kulipia, tatu za kafara. Ulikuwa na saba, umebaki na nne na kiumbe kisicho na uwezo wowote, kisha mpinzani anakijibu kwa Lightning Bolt ya mana moja, inayochoma pointi tatu. Kinachoiokoa ni Titania, Protector of Argoth, anayekupa 5/3 kwa kila ardhi iliyoingia kaburini.

Na chini kabisa, bila mjadala, Great Wall. Mana tatu, na viumbe wenye plainswalk (hawazuiliki mpinzani akiwa na ardhi ya Plains) wanaweza kuzuiwa. Ndugu zake wa Legends, wanaofanya hivyo kwa ardhi za aina nyingine, angalau wana maadui wa kweli, wanaowapa viumbe wenzao uwezo kama huo: Undertow ina Lord of Atlantis, Crevasse ina Goblin King. Great Wall katika seti yake ina Righteous Avengers, kiumbe cha mana tano, 3/1. Hiyo ndiyo dari yake yote: umetumia kadi nzima ili uruhusiwe kumzuia kiumbe anayekufa kwa pointi moja. Haiumizi mtu, kwa hiyo hakuna cha kugeuza. Ukimpa mpinzani, hakuna kinachobadilika mezani. Wanaoisema Chimney Imp waiangalie vizuri: mana tano kwa 1/2 ni ghali, lakini inaruka na inashambulia.

Hatua iliyofuata ilikuwa viumbe, nikianza na Vizzerdrix. Nimeiweka kando, maana Sorrow's Path imenikaa kichwani na deki yake ya bluu na nyekundu iko nusu: Donate, Harmless Offering na Bazaar Trader (zote za kumhamishia mpinzani), na Icy Manipulator. Swali gumu ni ardhi iitwayo Rishadan Port. Inalaza ardhi bila kuchukua nafasi ya kadi nyingine, lakini kwenye ardhi 24, Path nne na Port nne zinaniachia 16 tu za rangi, na nataka Donate zamu ya nne bila wasiwasi. Naanza na Port mbili.