Na Kampala Je?

Mwezi Machi 2003 nilikuwa nasomea ualimu katika chuo kimoja mkoani Kagera, na kila Jumamosi alasiri tulikutana bwaloni kwa mdahalo. Mada zilikuwa zile zile walizobishania waliotutangulia: elimu na mali, mjini na shamba, mkulima na mfanyabiashara. Jumamosi ya tarehe 15 mkufunzi wetu wa Uraia aliziweka kando zote, akaandika ubaoni kwamba Marekani ina haki ya kumwondoa rais wa Iraki, Saddam Hussein, madarakani hata bila idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mimi nilipangiwa kupinga, jambo lililonifurahisha, kwa sababu sikuwa nimemsikia mtu hata mmoja pale chuoni akiitetea vita hiyo.

Nilijiandaa kwa redio na kwa magazeti yaliyotufikia kwa meli ya MV Victoria kutoka Mwanza, ambayo tuliyapokezana bwenini mpaka yakachakaa. Nilikuwa na kijitabu cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa nilichoazimwa na mkufunzi, na ndani yake nilikuwa nimepigia mstari ibara mbili: ya 2, inayokataza taifa kutumia nguvu dhidi ya taifa jingine, na ya 51, inayoliruhusu taifa lililoshambuliwa kujilinda. Hoja yangu ilitoka humo. Azimio namba 1441 la Novemba 2002, lililopitishwa kwa kura zote 15, liliionya Iraki kuhusu madhara makubwa, lakini halikumruhusu mtu yeyote kupigana, tofauti na azimio namba 678 la 1990 lililoruhusu njia zote zinazohitajika ili kuikomboa Kuwait. Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alikuwa ameinua kichupa chake mbele ya Baraza tarehe 5 Februari, kuonyesha jinsi sumu kidogo tu ya kimeta inavyoweza kuua. Wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix, ambao ndio waliokuwa wakiingia kwenye maghala yenyewe, walikuwa bado hawajazikuta silaha za maangamizi ambazo Marekani ilidai zimefichwa humo. Na wiki moja tu kabla ya mdahalo wetu, Mohamed ElBaradei, mkuu wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, alikuwa amelieleza Baraza kwamba nyaraka zilizodai Iraki ilitafuta urani kutoka Niger hazikuwa halisi.

Nilimalizia na jambo lililonigusa zaidi. Ili azimio jipya la kuruhusu vita lipite zilihitajika kura 9 kati ya 15, bila turufu, yaani kura ya kupinga ya mmoja wa wakubwa watano wa kudumu, na miongoni mwa nchi zilizokuwa hazijasema upande wao zilikuwamo tatu za Afrika, yaani Angola, Cameroon na Guinea, tena Guinea ndiyo iliyokuwa mwenyekiti wa Baraza mwezi huo. Wajumbe wa Washington na wa Paris walikuwa wakipishana katika miji yao mikuu. Nililiambia bwalo kwamba kama idhini ya Baraza haina maana, basi wakubwa hao wasingeihangaikia kiasi hicho. Nilipigiwa makofi, nikakaa.

Mpinzani wangu alikuwa mzaliwa wa Kyaka, ambako majeshi ya Idi Amin wa Uganda, yalipotuvamia mwaka 1978, yalilivunja daraja la mto Kagera na kuliacha kanisa likiwa magofu. Alisimama bila karatasi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mwenzangu ameusoma Mkataba vizuri, nami nampongeza. Naomba sasa atusomee azimio la Baraza la Usalama lililotupeleka Kampala mwaka 1979."

Bwalo lilinyamaza. Aliendelea kusema kwamba Ibara ya 51 ilitosha kutufikisha Mutukula mpakani, kwa kuwa Nduli Amin alikuwa ameivamia ardhi yetu, lakini haikutosha kutuvusha Masaka na kumng'oa rais wa nchi nyingine katika mji wake mkuu. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai mwaka ule, wako viongozi waliotulaumu kwa sababu hiyo hiyo. Je, tulikosea? Kisha akayachukua maneno ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita ile, ambayo kila mtoto wa Kagera anayajua, akamvisha George Bush: uwezo anao, sababu anayo, na nia anayo. Vicheko na miguno vilichanganyika kiasi kwamba mwenyekiti aligonga meza mara kadhaa.

Nilijibu kwamba Amin alishambulia kwanza na kutangaza kuwa Kagera ni yake, ilhali Iraki haikuwa imeishambulia Marekani. Kwamba Waganda wenyewe walipigana bega kwa bega na askari wetu. Na kwamba suala la Kuwait lilikwisha kuamuliwa na Baraza mwaka 1991. Yote hayo ni kweli, na hadi leo nayaona kuwa majibu mazuri kwa maswali mengine. Swali lake la Masaka halikuwa limejibiwa.

Baada ya wasemaji wakuu, sakafu ilikuwa wazi kwa kila mtu, wakiwamo watumishi wa chuo. Akasimama mzee aliyetunza stoo yetu, mtu mkimya aliyepigana vita ile akiwa mgambo.

"Wanangu, mimi Kampala nilifika. Habari za azimio hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Lakini naona nyote mnabishania kwenda. Mimi nilirudi nyumbani mwaka 1981. Nilisimama kwenye kizuizi kile kile cha barabarani wakati wa Lule, nikasimama wakati wa Binaisa, nikasimama wakati wa hao waliomtoa Binaisa. Huyo Bush amesema watu wake watarudi lini?"

Alikaa. Lule na Binaisa walikuwa marais waliofuatana Uganda baada ya Amin. Upande wa kupinga ulishinda kwa mikono mingi, ingawa mimi sikuuona ushindi ule kuwa wangu, kwa sababu wengi walikuwa wamemnyooshea mkono yule mzee.

Jumatatu yake Marekani, Uingereza na Hispania ziliondoa rasimu ya azimio lao bila kura kupigwa, na alfajiri ya Alhamisi mabomu yakaanza kuanguka Baghdad. Mpinzani wangu hakulizungumza tena suala hilo hadi mwishoni mwa Mei, alipokuja bwenini na kunitupia gazeti kitandani: Baraza lilikuwa limepitisha azimio namba 1483 kwa kura 14, Syria ikiwa haikuhudhuria, na nchi zote tatu za Afrika zilikuwa zimeunga mkono. "Baraza lako hilo," alisema. Nilimwambia asome vizuri, kwani azimio liliziita Marekani na Uingereza mamlaka zinazoikalia nchi kwa mabavu, zenye wajibu wote wa mkaliaji chini ya Mikataba ya Geneva, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba vita ilikuwa halali. Akauliza mkaliaji huyo akikiuka wajibu wake atashtakiwa wapi, naye ana turufu mkononi. Nikamwambia avue viatu akae, maana jibu la hilo lilikuwa refu.