Diski mpya, kazi ya uani

Gari ya shemeji, Mjapani wa miaka ya 90, ukishuka nayo Mwanga, hapa Kigoma, kwenda stesheni na kugusa breki, usukani unatetemeka balaa. Leo tumebadilisha diski za breki za mbele hapa hapa Gungu. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, nimeifunga kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye mpira wa breki. Kasheshe ilikuwa diski ya kushoto: kutu imeigandisha kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, shemeji anatafuta nyundo kubwa zaidi! Nikamwambia tulia. Usoni ina matundu mawili yenye thredi. Unaingiza bolti za milimita 8, unakaza kwa zamu, inajisukuma yenyewe. Paa! Ikaachia. Mpya tukazifuta mafuta, pedi mpya, kisha kupampu breki mpaka pedali ikaze. Gereji wangetaka hela ya ufundi, bwana.